Bokali Ishirini za Mama

Kalemie, 11 Novemba 2023

Kwako Salomon, mdogo wangu,

Pokea salamu zangu wewe, na mkeo Huguette, na mwanenu Mado wangu ambaye nasikia sasa anajua kuandika jina lake hata kwenye ukuta wa watu. Sisi huku tuko wazima. Mvua imeanza kwa hasira. Jumapili maji yaliingia mpaka mlangoni mwa kanisa, wanakwaya wakaimba vitenge vikiwa magotini, na mchungaji akafupisha mahubiri kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mama ana afya. Goti linamsumbua asubuhi, lakini ukimsikia anavyogombana na wauza ndagala ufukweni utadhani ana miaka thelathini.

Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu mnara wenu wa simu bado umekufa, na ile foni ya misheni, redio ya kupaza sauti mbele ya watu, siipendi. Kwenye foni unasema una homa, na kabla ya jioni soko zima limeshakupa pole. Barua itapanda mashua mpaka Moba, kisha Rubens ataipandisha kwa pikipiki yake huko kwenu milimani. Rubens anachelewa lakini hafungui barua za watu.

Sasa sikia habari. Ndagala za mama zinataka kuvuka ziwa. Mwamba, yule mfanyabiashara aliyehamia Mpulungu upande wa Zambia, alizionja hapa nyumbani, zile anazokaanga na pilipili na kuzifunga kwenye bokali za kioo pamoja na mafuta. Alimaliza bokali nzima amesimama. Akasema dukani kwake watu watazigombania, maana ni chakula cha kufungua na kula, hakidai moto wala sufuria. Anataka kartoni moja kwanza, bokali ishirini na nne za kuonyesha. Mama ameshona eproni mpya, na juu ya kila bokali amebandika jina lake: Mama Emilie, Kalemie.

Shida ni kwamba chakula kilicho tayari kuliwa hakitoki bandarini bila karatasi ya ukaguzi, na mkaguzi ndiye mimi. Nilimwomba mkubwa wangu, Papa Banza, amtume mtu mwingine. Akacheka. "Mwenzako ako Kabalo mpaka Noeli. Unataka samaki ya mama yako ikaguliwe na nani, na paka?" Basi nikavaa koti langu jeupe, nikaenda kukagua jiko lililonilea. Mama alinipa kile kiti cha wageni.

Salomon, jiko ni safi kuliko ofisi yetu. Samaki walikaangwa wakakauka sawasawa, bokali zilichemshwa. Halafu, kabla ya kufunga, akachukua kijiko chake cha aluminiamu, akachota bokali ya kwanza, akatia kinywani, akatafuna, akaitikia kwa kichwa. Kijiko kilekile akakitia kwenye ya pili. Kisha ya tatu. Alizionja zote ishirini na nne, majirani wakiangalia. Unajua mwenyewe, tangu utoto wetu hakuna mtu aliyekula mkononi mwa mama kabla ya kumwona yeye amekula kwanza. Nikamwambia, mama, mimina kidogo kwenye kiganja. Aliniangalia kama nimemtemea mate.

"Kiganjani njo pa kuonja chumvi tu," akasema. "Mimi naonja mbele ya bantu, bajue sumu haiko. Mwanamuke anayefunga bokali bila kuonja, anaficha nini?"

Mkaguzi alipaswa kujibu. Mimi nilifunga daftari. Nimechukua bokali nne kuzipeleka maabara ya Lubumbashi. Tuombe Mungu.

Mbusu Mado kwenye paji la uso. Wako asiyewasahau,
Elsa

*

Pepa, 2 Desemba 2023

Yaya Elsa,

Dada yangu mkubwa, barua yako imefika ikiwa na matope ya Rubens kwenye kona zote, lakini maneno yote yamo. Sisi ni wazima, shukrani kwa Mwenyezi. Baridi ya huku inauma hata mchana, na asubuhi ninafundisha watoto wakiwa wamekalia mikono yao. Ng'ombe wetu wawili wamekuwa watatu. Ndama ni jike na Mado amemwita Mkaguzi, kwa heshima yako, kwa sababu ananusa kila kitu.

Huyo mtoto ametimiza miaka sita na ameng'oka meno mawili ya mbele. Sasa hawezi kutamka jina lake mwenyewe la Magdalena, mate yanaruka. Kila siku ananiuliza kama ziwa ni kubwa kuliko uwanja wa mpira. Namwambia ni kubwa kuliko Pepa. Hasadiki. Nimemwahidi Pasaka tutashuka aje alione, na alale kitanda kimoja na Koko, bibi yake.

Kuhusu mama, nakuomba, usimsumbue sana na koti lako jeupe. Kijiko kile kimetulisha sisi. Unakumbuka tulipofika Kalemie kutoka Baraka, baada ya vita, watu hawakutaka kununua chakula kwa wageni? Alikula mbele yao kutwa nzima mpaka tumbo likavimba, ndipo wakaanza kununua. Wape hao wa Lubumbashi bokali zao, upige muhuri, mama avuke ziwa angalau kwa jina. Amengoja sana.

Huguette anakusalimu na kusema mchele uliotutumia ulikuwa mtamu. Nami nakuaga kwa furaha,
Salomon

*

Kalemie, 6 Januari 2024

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya kwenu wote. Noeli tuliila vizuri. Mama aliimba, na mtoto wa jirani Pascaline alimwaga juisi yote juu ya Biblia ya mwenyekiti wa kwaya. Mwambie Mado ziwa lipo palepale, linamngoja.

Majibu yamekuja. Bokali za mama haziendi Mpulungu. Maabara imezikataa. Kuna mambo ya namna zilivyofungwa, na mambo mengine ambayo ukiyaandika yanaonekana makubwa. Nilimpelekea mama habari mwenyewe, nikamsomea karatasi, na katika kusoma niliruka mistari miwili. Siku hizi ananisalimu kama anavyosalimia watu wa kodi. "Bonjour, madame." Kisha anaendelea kupepeta mchele.

Nimetia sahihi karatasi ya mwisho, jambo limekwisha. Nilitia sahihi haraka, nilikuwa na kazi nyingi. Tuliache hapo, na ukimwandikia mama usiligusie.

Goti lake linaendelea vizuri. Kaeni kwa amani.
Elsa

*

Pepa, 3 Februari 2024

Yaya mpenzi,

Heri ya mwaka nawe pia. Sisi tu wazima, ila mvua imelala juu ya maharage yetu na majani yanageuka njano. Shule imefunguliwa. Nina watoto sitini na madawati kumi na mawili, kwa hiyo wanakaa kwa zamu kama walinzi.

Lakini leo siandiki kulia. Siku niliyopata barua yako, Rubens alifungua blanketi kubwa nyuma ya pikipiki yake, na ndani yake mlikuwa na kartoni ya mama! Bokali ishirini, hakuna hata moja iliyopasuka kwenye barabara ile, ajabu ya Mungu. Mama alimtuma na neno: "Umwambie Salomon, Bazambia habana bahati. Hizi ni za bajukuu." Nikacheka mpaka Huguette akatoka jikoni. Mnaona? Nyinyi wa ofisi mnakataa, sisi wa milimani tunafungua. Nilijua tu ni mambo ya karatasi. Mpakani wakikataa kitu, mara nyingi kinachokosekana ni muhuri.

Mimi kama unavyojua ndagala zinaniwasha ngozi tangu utoto, sili. Huguette anaonja kidogo, pilipili inamzidi. Lakini Mado! Anakula ndagala baridi, moja moja, kwa vidole, akikaa kizingitini ili wenzake wamwone. Anaziita "samaki ya Koko". Anasema kila samaki ameliona ziwa, basi akila wengi naye atakuwa ameliona. Huguette amelazimika kuficha kartoni juu ya dari, na bokali moja ameiweka pembeni kabisa, ameifunga kitambaa. Hiyo ni yako utakapopanda kututembelea.

Mshukuru mama kwa niaba yetu. Mwambie mjukuu wake ananenepa.
Salomon

*

Kalemie, 21 Februari 2024

Salomon,

Natumaini mko wazima nyote. Sisi tupo.

Barua yako nimeipata jana. Zile bokali, kama bado zipo, afadhali mziache. Mafuta yake yalikuwa yamechacha kidogo, yanaweza kumchafua mtoto tumbo. Si jambo kubwa, lakini mziache. Usimwambie mama kwamba nimesema.

Leo asubuhi nilikwenda kwenye foni ya misheni niongee nawe, nikakuta watu wengi kwenye benchi, nikarudi. Ndiyo maana nampa Rubens barua hii mkononi na nimemsihi asilale Moba.

Mado hajambo? Niandikie upesi.
Elsa

*

Pepa, 30 Machi 2024

Yaya Elsa,

Ulisikia kwenye foni, kwa hiyo sina haja ya kukuambia kilichotokea. Nakuambia tu jinsi ilivyokuwa, maana kwenye foni walitupa dakika mbili.

Homa ilianza Jumapili tarehe tatu. Tulidhani ni malaria, tukampa dawa. Jumatatu tumbo. Jumanne hakuweza kusimama, nikambeba mgongoni mpaka dispansari, na muuguzi alifanya yote aliyoweza, alimtundikia maji, hakulala siku mbili. Ijumaa homa ikashuka. Mado akaniuliza kama Pasaka imekaribia. Nikamwambia bado wiki tatu. Akasema ni nyingi. Jumamosi asubuhi alikufa mikononi mwa Huguette, nami nilikuwa nimetoka kumtafutia uji.

Tumemzika nyuma ya kanisa, mahali palipo juu, ambapo wazee wanasema siku isiyo na ukungu mtu mwenye macho mazuri anaona ziwa. Mimi sijaliona kutoka pale. Ndama amekaa siku tatu analia mlangoni.

Mama alifika siku ya sita ya kilio. Mwanamke mwenye goti bovu, mashua, kisha pikipiki siku mbili kwenye mvua. Analala kwenye mkeka wa Mado na hataki kitanda. Wewe hukuja. Ulituma neno kwamba kazi zimekubana. Watu wananiuliza dada yako wa Kalemie yuko wapi, nami ninarudia neno lako, na kila ninapolirudia linanitia aibu.

Nina swali moja. Muuguzi alituuliza mtoto alikula nini. Huguette akataja maharage, mihogo, maziwa, na samaki ya Koko. Muuguzi aliandika yote, lakini kwenye samaki alisimamisha kalamu, akauliza zimetoka wapi. Wewe unakagua vyakula vya watu. Nijibu kama mkaguzi, usinijibu kama dada. Mafuta yaliyochacha yanaua mtoto?

Salomon

*

Kalemie, 28 Aprili 2024

Salomon, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Sitakuuliza habari za nyumbani. Najua nyumbani kwenu kukoje, na sina haki ya kuuliza.

Hapana. Mafuta yaliyochacha hayaui mtoto. Mafuta yale hayakuwa yamechacha. Nilikudanganya.

Maabara ilikuta vijidudu vya homa ya tumbo katika bokali tatu kati ya zile nne. Waliandika kwamba vimeingia baada ya kupikwa, kutoka kwa mtu aliyegusa chakula na ambaye huenda mwenyewe haumwi. Hiyo ndiyo mistari miwili niliyoiruka nilipomsomea mama. Nilijua ni kijiko. Nilikiona kwa macho yangu kikitoka kinywani kikiingia kwenye bokali, mara ishirini na nne, na nilifunga daftari. Mtu anaweza kubeba ugonjwa huu miaka mingi bila hata kuumwa kichwa. Mama hana kosa. Alionja ili asimuue mtu.

Chakula kilichokataliwa namna ile kinachomwa kwenye shimo nyuma ya depo, mbele ya mkaguzi na shahidi. Nilikwenda na mama na kartoni na Jovial wa ofisini, aliyekuwa shahidi. Mama alipoliona shimo akakaa chini. Akaanza kusema juu ya Chantal. Hajawahi kusema juu ya Chantal mbele ya mtu wa nje. Wewe ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki: dada yetu mdogo alikufa kwa njaa njiani tukitoka Baraka, na siku ile mama alikuwa amemwaga unga uliolowa, kwa kuogopa kwamba umeharibika. Amejihukumu kwa unga ule mpaka leo. Akaniambia, "Ondokeni. Nitachoma mwenyewe. Mutoto wangu asione mama yake anachoma chakula."

Nikaondoka. Nilimwambia Jovial arudi ofisini. Tukatia sahihi, mimi na yeye, kwamba bokali ishirini zimeteketezwa mbele yetu. Sikuona hata moshi. Zaidi ya wiki sita baadaye barua yako ikanipa shukrani za kartoni.

Kuhusu siku ile ya Februari niliyokwenda kwenye foni, nakuambia ukweli wote. Nilikuwa wa pili kwenye benchi. Mbele yangu palikuwa na Pascaline jirani yetu, na nyuma wanawake wawili wa soko la samaki. Ningepaswa kupaza sauti ili unisikie: msile chakula cha mama yangu, kina ugonjwa. Unajua watu wa hapa wangesikia nini. Wasingesikia ugonjwa. Wangesikia sumu. Mwanamke aliyeonja mbele ya watu miaka ishirini na zaidi, na binti yake mwenyewe anamtangaza kwenye foni. Niliwaza hayo, nikasimama, nikaenda nyumbani kukuandikia kwamba mafuta yamechacha. Nilichagua neno jepesi ili mama asiumie, na ili wewe usiniulize kuhusu sahihi. Sababu zote mbili zilikuwepo. Siwezi kukuambia ipi ilikuwa kubwa.

Nimemwendea Papa Banza na kumweleza yote. Alinisikiliza, akavua miwani, akasema, "Elsa, mimi njo nilikutuma." Nikamwambia hakunituma kuondoka shimoni. Nimetolewa kwenye ukaguzi, ninapanga mafaili ya zamani, nangoja uamuzi wa wakubwa. Jovial hanisalimu, naye ana haki.

Mama hajui. Yuko kwako. Anapaswa kupimwa na kupewa dawa, na nimemtumia muuguzi wenu barua ya pekee kwa hilo; ataweza kumpa bila maneno mengi, kama dawa ya goti. Wewe na Huguette nanyi mpimwe. Na kama imebaki bokali yoyote, hata moja, usiiguse kwa mkono mtupu, usiimwage mahali kuku wanapita. Ichome.

Kama utamwambia mama au hutamwambia, naliacha mikononi mwako. Mimi sina tena mdomo katika nyumba yetu. Sikuja kwenye kilio kwa sababu nilijua utanikumbatia, na nisingeweza kukumbatiwa.

Nampenda Mado. Nilimpenda. Sijui niandike lipi.

Elsa

*

Pepa, 9 Juni 2024

Yaya Elsa,

Barua yako ya Aprili ilifika mapema Mei. Nimekaa nayo mwezi mzima. Niliisoma kwanza peke yangu shuleni, watoto wakinakili hesabu, kisha nikamsomea Huguette. Sikuruka mstari.

Nawe ujue neno hili, maana umeniambia ukweli wote, nami sina haki ya kukuficha wangu. Barua yako ya mafuta ilifika kwetu Ijumaa tarehe moja Machi. Rubens hakulala Moba, alifanya kama ulivyomsihi. Niliisoma mezani, nikacheka. Nikamwambia Huguette, Yaya anasema mafuta yamechacha kidogo. Akafungua bokali moja, akanusa, akasema, "Mbona yananukia muzuri?" Mado alikuwa amesimama pale na sahani yake. Nikamwambia kula. Kama ungeandika neno moja tu, lile neno la maabara, ningeitupa sahani ile mpaka Zambia. Labda alikuwa ameshaugua kabla. Muuguzi anasema huenda. Ananiambia hivyo kila tunapokutana, ni mtu mwema. Lakini mimi nakumbuka sahani ya Ijumaa.

Tumepimwa. Huguette alikuwa na ugonjwa kidogo, ametibiwa. Mama amemaliza dawa yake. Anasema goti limepata nafuu.

Bokali iliyobaki ilikuwa moja, ile yako, ya kitambaa. Nilichimba shimo nyuma ya nyumba, nikaiweka juu ya kuni pamoja na kitambaa chake, Huguette akasimama kuwa shahidi. Tulikaa mpaka kioo kikapasuka na mafuta yakaisha kuwaka. Kwenye karatasi yako mliandika ishirini. Moja sasa ni kweli.

Sijamwambia mama.

Nilitaka. Wiki iliyopita nilikaa naye jikoni jioni, nimejiandaa na maneno. Alikuwa amepika maharage. Ulipofika wakati wa kula akachukua kijiko chake, kilekile, amekuja nacho kutoka Kalemie kwenye mkoba wake wa Biblia. Akachota kwenye sufuria, akala mbele yetu, akaitikia kwa kichwa. Akakipangusa kwa kitenge, akanipa. Halafu akangoja, akiniangalia mdomoni, jinsi alivyokuwa akituangalia tukiwa wadogo. Akasema, "Kula, mwanangu. Mimi nimekwisha kula, hakuna kitu."

Nikala, Yaya. Nikala mpaka sahani ikaisha. Huguette alichukua yake akatoka nje, na sijamuuliza alikoipeleka. Tangu siku ile anapika yeye. Anamwambia mama kwamba mama mkwe apumzike, na mama anafurahi, anawasimulia wanawake wa kanisani kwamba hajawahi kuona mkwe mwenye heshima namna hii.

Mimi sikuchukii. Nimejaribu, nikashindwa, kwa sababu kila nikifika mahali pa kukuchukia namkuta pale mtu mwingine amesimama na barua mkononi, anacheka. Lakini kukuona siwezi. Nikikuona nitakuuliza tena mambo yaleyale, nawe utajibu vizuri, na Mado hatakuwepo.

Mama anauliza kila siku Elsa atapanda lini. Amekukumbuka. Amesahau ugomvi wa karatasi, anasema ulikuwa ugomvi wa bure. Namwambia mvua zimekata barabara, madaraja yameondoka, hata Rubens anapita kwa shida.

Sasa ni kiangazi, Yaya. Mvua iliisha zamani, barabara ni kavu na pikipiki zinapanda kutoka Moba kwa siku moja. Usije bado.

Mdogo wako,
Salomon